Pete ya Asali

"Hodi humu! Mama Yusra, niazime pete nimtume mtoto."

Sikitu hakuinua kichwa. Alikuwa amekaa mkekani, ungo mapajani, anachambua mchele wa mchana. Mama Kulwa alikwisha kuingia nusu, mguu mmoja ndani, mwingine barazani, kama alivyoingia kila siku tangu wawe majirani wa ukuta mmoja.

"Unamtuma wapi?"

"Hapo kwangu tu. Mafundi wa mapanga ya upepo wameagiza wali na maharage, wanashuka kilimani saa saba, na mapacha wangu wamekaa kama magunia ya mkaa. Anisaidie jikoni."

"Mwambie tu, ataenda. Yusra tangu lini akakataa kutumwa?"

"Kwenda ataenda. Lakini akipewa asali anakwenda mbio, na kazi haimchoshi. Unajua mwenyewe, usinisemeshe sana."

Sikitu akacheka kwa pua, kicheko cha mtu aliyechoka, akaivua pete kidoleni. Ilikuwa pete nyembamba ya rangi ya maziwa, na pale ambapo pete nyingine huwa na kito, hii ilikuwa na kinundu kidogo cha kubonyeza.

"Matone mawili, Mama Kulwa. Usizidishe."

"Mawili tu. Kwani namnywesha togwa?"

Yusra akatoka chumbani aliposikia jina lake. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, nywele amesuka twende kilioni, na nyuma ya sikio la kushoto kimebanwa kile kidude cha bluu chenye mabawa mawili ambacho Singida nzima ilikiita kipepeo. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama mkubwa." Mama Kulwa akaitikia huku anabonyeza. Kipepeo kikawaka mara moja, kikazima, na uso wa mtoto ukalainika kama wa mtu aliyeitwa kula pilau. Akaenda. Hakuuliza anakwenda kufanya nini.

Sasa hapa ndipo mzazi unayesoma utulie kidogo. Kule kwao, kama ilivyo kwetu sote, mtoto hana mtumaji mmoja. Mtu mzima yeyote atamtuma: kalete chumvi, kamwite fulani, nishikie huyu mdogo. Mtoto akigoma, aibu ni ya mama. Mambo mengi yalikuwa yamebadilika mjini, mapanga ya upepo yalikuwa yamejaa juu ya mawe ya kilimani yakizunguka mchana kutwa, maji yalikuja yenyewe, magari yalijiendesha, lakini hilo la kutuma watoto halikubadilika hata chembe. Kwa hiyo pete ilipoingia nyumbani kwa Sikitu, ilifuata njia ileile. Anayemtuma mtoto anapewa na pete. Muuza duka alishaivaa. Ustadhi alishaivaa. Wifi yake kutoka Manyoni aliivaa tangu alipofika hadi alipoondoka, akasifu sana malezi.

Daktari alikuwa amesema, pete ni ya mkono mmoja, mama, wa kwako tu. Sikitu aliitikia ndiyo daktari. Ila moyoni alijisemea, mtoto gani huyo duniani analelewa na mkono mmoja?

*

Na usimhukumu haraka. Hukuwaona zamani.

Yusra alianza kushtuka akiwa darasa la pili. Kwanza macho, anakonyeza konyeza mpaka mwalimu akadhani anamfanyia dharau. Halafu bega. Halafu sauti ikaja, "hep!" kali, fupi, inatoka bila kuitwa, msibani inatoka, kwenye maulidi inatoka. Wanawake walisogea kwenye benchi. Wengine walimshauri Sikitu ampeleke akapungwe, na alimpeleka, akarudi anashtuka vilevile na ananuka ubani. Baba yake, aliyekuwa mbali kwenye malori ya mpakani, kila akipiga simu alisema mtoto adekezwe kidogo, na simu ikikatika Sikitu anabaki na ungo wake.

Kibaya zaidi kilikuwa shingo. Ilirushwa kushoto kwa nguvu, tena na tena, mpaka siku moja Yusra akaangusha kalamu na kusema vidole vimekufa ganzi. Alipopigwa picha waliambiwa pingili za shingo zinasagana.

Basi ndipo wakafika Kituo cha Utulivu, kwa Daktari Irunde, mwanamke kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Sikitu alimpenda kwa neno lake la kwanza.

"Mama, mtoto wako hana mashetani wala hana jeuri."

Sikitu akalia hapohapo, na daktari akamwacha alie.

"Nikueleze vizuri," akasema baadaye. "Kabla hajashtuka, kuna mwasho unamjia ndani. Umewahi kuzuia chafya? Basi ndiyo hiyo. Akiizuia inapanda. Akishtuka, mwasho unaondoka kidogo, anapata nafuu. Ile nafuu ni malipo. Ubongo wa mtu unajifunza kwa malipo, na wengine katika watoto hawa, si wote, malipo yanawashika haraka kuliko adhabu. Ndiyo maana fimbo haikusaidia."

"Sikumpiga sana, daktari."

"Sijakuuliza, mama. Ninachosema ni hiki. Kipepeo kinausikia ule mwasho kabla yeye hajashtuka. Akijizuia, kinampa malipo makubwa kuliko ile nafuu yake. Uzi wa umeme mwembamba kuliko unywele, unagusa mahali furaha inapokaa. Watoto wanasema ni kama tone la asali."

"Kila akijizuia?"

"Hapana. Kingetoa kila mara angezoea. Mara kinatoa, mara kinamnyima. Kwa hiyo anaendelea kungoja."

Kama dubwi la dukani, Sikitu aliwaza, lile linalomeza sarafu za vijana. Lakini alilimeza wazo lake. Ukishachoka kiasi fulani, swali linalokujia unalimeza.

Na kipepeo kilifanya kazi. Haki yake kipewe. Shingo ilitulia. Vidole vikapata uhai. "Hep!" ikatoweka, na Yusra akakaa darasani kama wenzake. Sikitu alianza kulala. Alinenepa. Pete waliyopewa ya kuongezea matone ya nyumbani, kwa kusoma, kwa kuswali, kwa kuosha vyombo, aliitumia kwa adabu mwanzoni. Halafu aliitumia akiumwa kichwa. Halafu aliitumia tu.

*

Mchele ulikuwa umekwisha kuchambuliwa, yupo anausuuza, aliposikia kicheko cha mapacha ng'ambo ya ukuta. Kulwa na Doto walikuwa na miaka tisa na vicheko vyao vilikuwa vya kila siku, hakujali. Kisha kicheko cha Doto kikakatika katikati, na sauti yake ikasema kwa woga, "Kulwa, basi. Mwambie aachie. Basi."

Sikitu hakukumbuka baadaye alivaa nini miguuni.

Uani kwa Mama Kulwa, katikati ya jua, Yusra alikuwa amesimama wima ameshika sufuria ya maharage yanayochemka. Ameishika kwa viganja, bila kitambaa. Mvuke unampanda usoni. Na alikuwa anatabasamu, jamani, tabasamu lilelile la kuitwa pilau. Nyuma ya sikio kipepeo kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Kulwa alikuwa mbele yake na pete kidole gumba, anabonyeza huku machozi yanamtoka, maana alishaogopa lakini hakujua kuacha.

Sikitu aliipiga ile sufuria kwa mkono wake mwenyewe uliozungushiwa khanga. Maharage yakamwagika mpaka mlangoni. Mama Kulwa akatoka dukani mbio na chumvi mkononi, akaona, akakaa chini palepale.

"Tulikuwa tunashindana tu," Doto alikuwa analia. "Tuone ataweza mpaka lini. Kulwa alisema hawezi!"

Viganja vya Yusra vilikuwa vimebadilika rangi, ngozi imeinuka. Sikitu alivitia kwenye ndoo ya maji, anatetemeka yeye, mtoto hatetemeki.

"Kwa nini hukuachia? Yusra! Kwa nini hukuachia mama?"

Yusra alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo linalojulikana.

"Mikono ilitaka kuruka, mama. Nikaizuia. Nikapewa."

"Ilikuwa inaungua!"

"Ndiyo," alisema kwa upole. "Lakini ilikuwa inakuja. Kila nikiizuia, inakuja."

Hapo Sikitu akaelewa kitu ambacho hakuambiwa na mtu. Kile kidude hakikujua mshtuko wa ugonjwa ni upi na mshtuko wa kujiokoa ni upi. Kwake yote ilikuwa mwasho wa kuzuiwa. Na kinundu cha pete kilikuwa kimemfundisha mtoto kwamba aliyevaa pete ndiye anayejua.

Mama Kulwa aliivua pete kidoleni kwa mwanawe, akaitoa kwa mikono miwili, kichwa chini. "Nilikwenda dukani mara moja tu, Mama Yusra. Nikaiacha juu ya kinu."

Sikitu hakumgombeza. Angeanzia wapi? Aliyewafundisha mtaa mzima kuazimana ile pete alikuwa nani?

*

Daktari Irunde alifunga viganja vya Yusra kwa dawa na bandeji nyeupe, taratibu. Alipomaliza alisema pete itafungwa isifanye kazi ila kwa alama ya kidole cha mama. "Ingekuwa hivyo tangu mwanzo," akasema. "Tuliomba, hatukuletewa."

"Sawa."

"Kuna jambo jingine, mama. Muda wa majaribio umekwisha. Kipepeo kinatakiwa sasa kiingizwe chini ya ngozi, cha kudumu, kisiweze kudondoka wala kuibwa. Na kwa kuwa ametimiza miaka kumi na minne, sheria inataka akubali mwenyewe. Mimi nauliza, mashine inasikia sauti yake, akikubali nabonyeza kijani, akikataa jekundu, basi."

Akawasha kibao mezani. Pakatokea duara la kijani na duara jekundu.

"Yusra, umeelezwa kuhusu kipepeo cha kudumu. Unakubali?"

"Ndiyo."

Alijibu upesi, kwa sauti laini, ametulia kama maji ya mtungini. Na Sikitu, ambaye macho yake tangu ile sufuria hayakutoka nyuma ya sikio la mwanawe, aliona. Kipepeo kiliwaka, kikazima.

"Ngoja," alisema. "Ngoja daktari, usibonyeze. Kimewaka."

"Kimewaka kwa sababu amejibu akiwa ametulia. Ni kawaida."

"Amelipwa kwa kusema ndiyo."

"Hakulipwa kwa kusema ndiyo, mama. Amelipwa kwa kutulia."

"Na akikataa atatulia? Mtu anakataa akiwa ametulia?" Sikitu hakuwa amesoma kupita darasa la saba, na mbele ya madaktari ulimi wake kwa kawaida ulikuwa mzito, lakini siku hiyo ulikuwa mwepesi wenyewe. Akamgeukia mtoto. "Yusra mwanangu. Unataka nikunyoe nywele zote, kichwa kiwe kama yai?"

Nywele ndizo zilizokuwa fahari ya Yusra. Alizisuka kila Ijumaa, na siku ya kusuka hakuna aliyeruhusiwa kumharakisha.

"Ndiyo mama."

Kikawaka, kikazima.

"Unataka nikupeleke kwa bibi kule Ilongero ukaishi huko moja kwa moja?"

"Ndiyo mama."

Kikawaka.

"Unataka nisikupeleke kabisa kwa bibi?"

"Ndiyo mama," alisema Yusra, na tabasamu.

Daktari Irunde aliweka kidole juu ya kile kibao, akakizima. Akageukia dirisha. Nje mapanga yalikuwa yanazunguka polepole.

"Nimewauliza wengi namna hii," alisema, kama anasema na kioo. "Wote walisema ndiyo. Nikaona tumefanikiwa."

"Kitoe," Sikitu akasema. "Kitoe, umuulize akiwa yeye."

"Mama, sikiliza na unielewe. Siwezi kukitoa leo nikamuuliza leo. Ubongo unahitaji siku kadhaa utulie bila malipo. Na siku hizo mishtuko itarudi na hasira zake zote. Shingo ile uliiona kwenye picha. Ikisagika zaidi, mkono wa kushoto unaweza kufa ganzi usirudi. Nakwambia ujue, siyo nikutishe."

Ndipo Yusra akainuka kwenye kiti. Hakuwa ametulia tena. Alilishika koti la daktari kwa bandeji zake. "Asinitolee! Daktari mwambie asinitolee! Mama nakuomba, mama nitafanya chochote, mama nitashika tena hata sufuria, usinitolee!"

Hebu niambie wewe, hapo ungefanya nini? Mtoto anasema hataki. Anasema kwa machozi, na kipepeo hakiwaki, hakimlipi kwa lile. Ni neno lake au si neno lake? Ukimsikiliza, umekisikiliza kidude. Usipomsikiliza, umekuwa pete nyingine, unamwamulia kwa nguvu huku unajidai unampa uhuru. Na ukikosea, kinacholipa ni shingo yake, siyo yako.

Sikitu alimtazama mtoto akining'inia kwenye koti la watu. Lile neno, nitashika tena hata sufuria, ndilo lililoamua.

"Kitoe," alisema.

*

Zile siku sitazisimulia zote.

Daktari aliwapa kola laini ya kuizuia shingo, ikasaidia nusu. Nusu nyingine alikuwa Sikitu mwenyewe. Alikaa ukutani, miguu ameinyosha, kichwa cha mtoto kifuani, mikono yake miwili mashavuni, na kila msukumo ulipokuja aliupokea. Siyo kuuzuia, kuupokea, kama unavyompokea mtu mzigo kichwani. Mabega yakamuuma hadi akashindwa kufunga khanga. Mama Kulwa alileta uji, akauweka mlangoni, akaondoka bila hodi. Kwa mara ya kwanza bila hodi.

"Hep!" ilirudi. Na nyingine mpya, mluzi wa kukatika kama kifaranga. Yusra alirusha kikombe, akarusha kijiko, akavipiga viganja vyake vibichi ukutani. Alikuwa na hasira ambayo Sikitu hakuwahi kuiona.

"Unanitesa. Hep! Unanitesa na unajua dawa iko wapi."

"Najua."

"Halafu unajifanya unanionea huruma."

"Sijifanyi, mwanangu."

"Si wewe uliyekuwa unawapa pete? Hep! Kila mtu ukampa! Mpaka muuza duka ukampa! Nilikuwa nambebea kreti za soda, mama, mgongo unauma, nataka kuziweka chini, na nacheka. Nacheka tu. Ulidhani nilikuwa sioni? Nilikuwa naona kila kitu!"

Sikitu aliendelea kukishika kile kichwa.

Siku moja, kama saa nne asubuhi, Yusra alikuwa amepitiwa na usingizi wa uchovu, na hata usingizini bega lilikuwa linaruka. Sikitu akanyanyuka, akafungua kopo la majani ya chai. Kipepeo, walichorudishiwa na daktari wakitunze, kilikuwa mle, mabawa yamekunjwa, chepesi kama ganda la karanga. Alikishika. Kukibandika ni kubonyeza tu nyuma ya sikio. Angeamka ametulia. Angemwamkia mama mkubwa shikamoo. Nao wangepika, wangekula, wangelala.

Alisimama nacho muda mrefu. Halafu mtoto akasema kutoka mkekani, macho yamefumbwa, "Nimekusikia unafungua kopo."

"Ndiyo."

"Unanirudishia?"

"Unataka?"

Kimya. Mluzi. Kimya tena. Yusra alikuwa anawaza. Sikitu alitambua kwamba kwa miezi mingi hakuwa amemwona mtoto wake akichelewa kujibu. Alikirudisha kipepeo koponi, akafunika, akarudi mkekani.

*

Waliporudi kituoni Yusra alitembea mwenyewe, kola shingoni, anarusha kichwa, anapiga "hep!" mbele ya watu kwenye benchi, na watu wakasogea kama zamani. Sikitu akaziba ile nafasi kwa mapaja yake mapana.

Daktari Irunde aliwasha kibao. Duara la kijani, duara jekundu.

"Yusra. Umepumzika bila kipepeo. Nakuuliza tena. Unakubali cha kudumu?"

Yusra alitazama yale maduara. Bega likaruka. Alitazama viganja vyake, vilivyokuwa vimeanza kuota ngozi mpya. Akachezesha vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja, kuona kama vinamsikia. Cha mwisho hakikumsikia vizuri. Sikitu alikiona, akauma mdomo.

"Sijui," alisema Yusra.

"Jaribu kufikiri, mwanangu," akasema daktari.

"Nimefikiri, daktari. Shingo hii siitaki. Hep! Inaniuma mpaka kwenye meno. Na darasani kule nilikuwa naandika vizuri. Lakini nikiwa nacho sijui nataka nini. Na nikiwa sinacho nimechoka, sijui kama ni mimi ninayetaka au ni uchovu unataka. Kwa hiyo sijui."

"Mashine haina nafasi ya sijui," alisema daktari, kwa sauti ya chini. "Nikibonyeza jekundu, nafasi yake anapewa mwingine. Nikibonyeza kijani, mnajua."

"Mtoto amesema sijui," akasema Sikitu.

"Nimesikia, mama."

"Basi usibonyeze."

Daktari Irunde akavitoa vidole vyake kwenye kibao. Alikuwa amechoka kama wao. Kisha akakigeuza kile kibao kifudifudi, kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa, akasema atawaambia wakubwa mashine imesumbua, na kwamba mashine ikisumbua huchukua hata mwezi kutengenezwa, na kwamba kola wavae mchana kutwa, na vidole vikizidi ganzi waje mbio wasingoje kuulizwa na mtu.

"Na mkija," alimwambia Yusra, "nitakuuliza tena. Unaweza kuniambia sijui tena."

"Hep!" alisema Yusra. Halafu, "Asante."

*

Jioni ile walikaa mkekani na ungo kati yao. Yusra alitaka kuchambua mchele mwenyewe, mikono haijapona, akasisitiza. Kila mara bega liliporuka punje zilitapakaa sakafuni, na Sikitu alikuwa ameweka kiganja upande wa pili wa ungo kupunguza, lakini si sana. Punje nyingine zilimwingia Yusra kwenye kola. Alicheka kidogo, kicheko kibovu, cha kwanza.

Mlangoni pakasikika hodi. Hodi ya kawaida, na mguu mmoja ndani.

"Jamani nimerudi kwenye maisha," alisema Mama Kulwa, kwa woga uliovaa utani. "Hamjambo? Yusra mwanangu, pole. Mama mkubwa wako ameishiwa chumvi na chungu kiko motoni. Hebu nikimbilie dukani mara moja."

Mkono wake, kwa mazoea, ulikuwa umenyoshwa kwa Sikitu, kidole kimechomoza. Alipouona mwenyewe akaurudisha nyuma ya khanga.

Yusra aliinua kichwa. Kikarushwa kushoto, kikarudi. Alimtazama Mama Kulwa, akatazama mlango, na Sikitu akaona jibu likichelewa, likizunguka, likitafuta njia mle ndani bila mtu wa kulivuta.

"Siendi, mama mkubwa," alisema Yusra. "Hep! Nimechoka. Samahani."

Mtaani kule, mtoto akisema hivyo mbele ya mtu mzima, mama yake husimama. Humwita jina lake lote na la baba yake. Mama Kulwa mwenyewe alikuwa anangoja, macho kwa Sikitu. Na Sikitu alisikia maneno yote yakimpanda kooni kwa mpangilio, kama yalivyompanda mama yake na bibi yake. Mkono wake ulikwisha kuinuka.

Akaushusha. Akausogeza ungo pembeni, akajishika ukutani mpaka miguu ikanyooka, akavaa kandambili.

"Chumvi ya mawe au ya unga?" alimuuliza Mama Kulwa.

Na akaenda dukani yeye.